Lenzi ya pili: kabla hujatoa pesa, fungua picha zako mwenyewe

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu, mmoja kwa WhatsApp, mwingine tukiwa kwa matatu Thika Road, wa tatu kanisani baada ya ibada. Nina kamera ya kuanzia, nimeweka akiba ya kama shilingi 15,000 hivi, ninunue lenzi gani? Nimeona niandike yote mahali pamoja kwa sababu mimi mwenyewe niliuliza swali hilo hilo nikapewa jibu la haraka, nikalifuata, na pesa ya miezi minne ikaishia kwa kitu ambacho kilikaa ndani ya begi.

Kamera yangu ni Canon 1300D, niliinunua ikiwa imetumika, na ilikuja na ile lenzi ya 18-55 ambayo karibu kila mtu huanza nayo (hizo ni milimita, namba ndogo inashika upana, kubwa inavuta karibu). Lenzi ya kwanza niliyoongeza ilikuwa 75-300. Yule jamaa aliyeniuzia aliniambia inavuta mpaka mbali, na ni kweli inavuta, nilisimama hapo nje nikaelekeza juu ya jengo la ng'ambo ya barabara nikaona njiwa mpaka macho. Nikalipa hapo hapo na M-Pesa. Sikujiuliza ni lini mara ya mwisho nilitaka kupiga picha ya njiwa.

Wiki mbili baadaye kasini yangu alikuwa na ngurario, ile sherehe ya ndoa ya Kikuyu, huko Kiambu na mimi ndiye niliyeitwa nipige picha, si kwa kulipwa, ni familia. Kama umewahi kuenda hizi sherehe unajua ratiba huwa inasema saa nne asubuhi halafu wageni wanaingia saa saba, na wakati wazee wamemaliza mazungumzo yao ndani ya nyumba ni saa kumi na moja jioni na mawingu yameshuka. Mvua ilikuwa inanyeshanyesha kwa hivyo tenti ilikuwa imefungwa pande tatu. Ikafika saa ya kukata kĩande, ule mguu wa mbele wa mbuzi, na hapa bwana arusi anatakiwa apate kiungo penyewe, kisu kipite pale mifupa inapoachana, watu wote wamemzunguka wanangoja kuona kama atapata au atahangaika. Shosho, yaani nyanya, alikuwa ameinama karibu kabisa, mkono ameweka kwa bega la msichana, anacheka. Nikapiga picha kama kumi na tano hapo.

Usiku nikazifungua kwa laptopu. Uso wa shosho ulikuwa umevutika kama rangi iliyopakwa na kidole, na mkono wenye kisu haukuonekana kama mkono, ulikuwa moshi tu. Hakuna hata moja kati ya hizo kumi na tano iliyoshika. Na ile lenzi kubwa haikutoka kwa begi siku nzima kwa sababu ndani ya tenti ningeitumia wapi, hata ikiwa fupi kabisa kwa 75 ningepata pua za watu.

Sasa hii ndiyo sehemu nataka uisome pole pole. Kila picha inayotoka kwa kamera ya dijitali inabeba habari zake ndani, ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi ukaenda kwa sifa za faili utaona lenzi ilikuwa imevutwa mpaka wapi, apacha (tundu la lenzi linaloingiza mwanga) ilikuwa ngapi, shata (pazia la kamera linalofunguka na kufungwa) ilikuwa kasi gani, na ISO (kamera imeongeza nguvu ya mwanga kiasi gani) ngapi. Ile picha ya shosho ilisema hivi: 55mm, f/5.6, shata 1/20, ISO 6400. Yaani kamera ilikuwa imefika mwisho wake. ISO imepanda mpaka picha ina chengachenga, apacha imefunguka yote inayoweza kufunguka, na bado mwanga haukutosha kwa hivyo shata ikabaki wazi sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na mtu anayecheka na kuinama hawezi kutulia muda huo wote.

Hizo namba za f zinachanganya watu kwa sababu zinaenda kinyume, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Na tofauti si ndogo kama inavyoonekana, kwa sababu mwanga unafuata eneo la tundu na si upana wake peke yake. Kutoka f/5.6 mpaka f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi. Mara kumi! Ile picha yangu, mahali pale pale, saa ile ile, na lenzi ya f/1.8, ingepigwa kwa karibu 1/200 badala ya 1/20, na kwa 1/200 shosho anacheka na unamwona akicheka.

Na kuna jambo lingine nilichelewa kuliona. Ile 18-55 si giza kila mahali. Ukiwa kwa 18 inafunguka f/3.5, halafu kadri unavyovuta inajifunga yenyewe mpaka ukifika 55 uko f/5.6. Kwa hivyo inakuwa na giza zaidi pale pale ambapo watu wengi huwa wanapiga sura za watu. Hata ukiiweka f/3.5 kwa kuanzia, ukivuta tu inakunyang'anya.

Baada ya hiyo sherehe nilikaa chini nikafungua picha zote nilizokuwa nimepiga tangu ninunue kamera, nikaangalia moja baada ya nyingine zile ninazozipenda, zile nilizowahi kumtumia mtu au kuweka kwa status, nikaandika kwa daftari kila moja ilikuwa milimita ngapi na ilipigwa wapi. Ilinichukua jioni mbili. Zaidi ya nusu zilikuwa kati ya 40 na 55, karibu zote zilikuwa za watu, na nyingi zilikuwa ndani ya nyumba, kanisani, ama nje baada ya saa kumi na mbili jua likiwa limeshuka, na hapa kwetu karibu na ikweta likishashuka giza halikungoji. Picha za kitu kilicho mbali zilikuwa chache sana, twiga wawili wa Nairobi National Park na ndege mmoja wa msitu wa Karura. Daftari lilikuwa linaniambia wazi nilihitaji nini na mimi nilikuwa nimeshanunua kitu tofauti kabisa.

Kwa hivyo kama umenitumia hilo swali, ombi langu la kwanza ni hilo daftari. Fanya kabla hujaenda tao. Ukikuta picha zako zimejaa namba 18, yaani kila saa uko mwisho wa upana unatamani kurudi nyuma zaidi, shida yako ni tofauti na yangu. Ukikuta zimejaa 55 mchana jua likiwaka na bado ulitaka kusogea, basi wewe ndiye unayehitaji kuvuta.

Mimi niliuza ile 75-300 kwa hasara nikaongeza kidogo nikachukua Canon 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi) iliyokuwa imetumika. Hii lenzi ilitoka 2015, ina uzito wa kama gramu 160 tu, na haivuti, ukitaka karibu unatembea. Kuna mzee wake anaitwa 50mm f/1.8 II wa tangu 1990 na bado utampata anauzwa hapa mjini kwa bei ya chini. Anapiga picha nzuri tu, lakini shingo yake inayoshika kamera ni ya plastiki, akitafuta fokasi, yaani akikaza picha itoke kali, anapiga kelele kama mashine ndogo, na hawezi kushika kitu kilicho karibu kuliko sentimita 45 wakati ile mpya inafika 35. Pia yule mzee ana visu vitano vya apacha, vile vibati vinavyofunga tundu, na mpya ana saba, kwa hivyo taa zilizo nyuma ya unayempiga picha ukifunga apacha kidogo zinatoka na pembe tano kwa yule wa zamani na zinakaribia duara kwa huyu. Kama tofauti ya bei ni kidogo chukua STM. Yongnuo pia wanatengeneza 50mm f/1.8 inayoingia kwa Canon na bei iko chini, ukiipata ijaribu kwanza kwa kamera yako, tena ijaribu mahali pa giza, mchana kila lenzi ni nzuri.

Lakini wacha niseme ukweli wote. 50mm kwa kamera zetu si 50 ile wanayoongea watu wenye fulufremu, zile kamera za sensa kubwa. Sensa yetu, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni ndogo, inakata pembeni, kwa hivyo unazidisha na 1.6 kwa Canon ama 1.5 kwa Nikon, na 50 inakuwa kama 80. Kwa maneno ya nyumbani ni hivi: chumba cha futi kumi kwa kumi, kama zile bedsita nyingi tunazoishi, ukiegemea ukuta huu ukapiga ukuta ule uko kama mita tatu, na kwa mita tatu 50mm inashika upana wa mita 1.3 na kidogo. Hiyo ni watu wawili wameshikana mabega. Wa tatu hatoshei. Siku ya bathidei ya mtoto kwa nyumba ya rafiki yangu nilikuwa nimesimama kwa mlango, nusu ya mwili iko kwa korido, na bado keki ilikuwa inakatika pembeni. Kwa hivyo hiyo 18-55 usiiuze! Nimeona watu wakiitoa kwa bei ya kutupa ili waongezee 50, halafu familia ikisema tupige ya wote wanabaki wameduwaa. Weka zote mbili.

Kitu kingine, ukifungua f/1.8 ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka kali haifiki sentimita 7. Jicho la mbele kali, sikio limeshapotea. Ni tamu ukipiga mtu mmoja, lakini wawili wakiwa wamesimama mmoja mbele mwingine nyuma, mmoja atakuwa ukungu na atakuuliza kwa nini. Nikiwa na wawili naenda f/2.8, wakiwa kikundi f/4 au zaidi kama mwanga unaruhusu. Na nachagua mwenyewe kitone cha fokasi cha katikati, naweka kwa jicho, sikubali kamera inichagulie kwa sababu itashika pua ama itashika shada la maua lililo mbele.

Kuna 24mm f/2.8 STM ya Canon, ile nyembamba kama mandazi, gramu 125, na watu wananiuliza kama ni bora kuliko 50. Naipenda sana hiyo lenzi kwa mtaani, unatembea nayo River Road kamera inaonekana ndogo na hakuna anayeshtuka, na inafika mpaka sentimita 16 kwa hivyo sahani ya chakula inaingia vizuri. Ila kama unainunua kwa sababu ya giza fikiria tena. Ile 18-55 yako ikiwa kwa 24 inafunguka kama f/4, kwa hivyo 24mm f/2.8 inakuongezea mwanga mara mbili tu, si mara kumi. Ni ya pili baada ya 50, kwangu mimi.

Kwa wale wa Nikon hapa msome mara mbili, kwa sababu jirani yangu alinunua bila kujua na iliniuma. Ana D3200. Akapata 50mm f/1.8D bei nzuri, muuzaji akamwambia inaingia, na kweli iliingia, ikakaza, ikatoa picha. Lakini haikushika fokasi. Kamera ndogo za Nikon, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao wote, hazina mota ya fokasi ndani ya mwili, zinategemea mota iwe ndani ya lenzi, na hizo za D za zamani hazina. Kwa hivyo akabaki anazungusha kwa mkono huku mtoto wake anakimbia. Tafuta maandishi AF-S kwa lenzi. Zipo pia za AF-P zilizokuja 2016 ambazo zina mota mpya, lakini D3100, D3200 na D5100 haziwezi kuziendesha fokasi hata kidogo. Kwa kamera kama yake ningechukua AF-S DX 35mm f/1.8G, imekuwepo tangu 2009 kwa hivyo zilizotumika hazikosi, na kwa 35 unapata upana wa kutosha kukaa ndani ya hicho chumba cha futi kumi bila kuegemea mlango.

Na wewe wa Canon kuwa macho na herufi pia. EF na EF-S zote zinaingia kwa kamera yetu. RF haiingii, hiyo ni ya zile kamera mpya za mirrorless, zisizo na kioo cha kuakisi ndani. FD ni za zamani za filamu, zimeandikwa Canon vizuri kabisa na muuzaji anaweza kuapa ni Canon, lakini haziingii kwa kamera zetu bila adapta yenye lenzi ndogo ndani, na hiyo lenzi ndogo inaharibu picha. Nikifikiria miaka ijayo, EF ndiyo naona pesa yake haipotei, kwa sababu hata ukihamia fulufremu inaingia, na ukihamia kwa zile za RF kuna adapta ya Canon wenyewe inayoishikisha na fokasi inafanya kazi. Mwili wa kamera utabadilisha, lenzi unabaki nayo.

Kama daftari lako limesema unahitaji kuvuta, mechi za mpira mchana, ndege, safari za mbuga, basi tafuta 55-250 IS STM na uache 75-300 isiyo na kitulizaji (hiyo IS, inayopunguza mtetemo wa mkono). Zote zinafika mbali lakini fikiria mkono wako. Kanuni ya wazee ni shata isiwe polepole kuliko sekunde moja kugawanya kwa milimita za lenzi, na kwa sensa zetu ongeza ile 1.6, kwa hivyo kwa 300 bila kitulizaji unataka karibu 1/500 ili mtetemo wa mkono usionekane. Asubuhi ya Julai pale mbugani, mawingu yamefunika mpaka saa tano, kwa f/5.6 hiyo 1/500 utaipata kwa kupandisha ISO mpaka manyoya ya ndege yanakuwa mchanga. Kitulizaji kinakusaidia mnyama akiwa ametulia, ila akikimbia hapo ni shata tu. Za upana kama 10-18 nunua kama kuna mtu anakulipa kupiga nyumba za kukodisha, ama sivyo kodisha wikendi moja. Wapo watu hapa Nairobi wanaokodisha lenzi kwa siku ukiacha kitambulisho na dipoziti, na kwa pesa kidogo utajua kama unaihitaji.

Sasa kununua iliyotumika, na hapa sina haraka. Nenda na kamera yako, betri imejaa, memori kadi ndani, na simu yenye tochi. Mkutane mahali pa watu wengi, mkahawa ama duka lenyewe, na usitume hata shilingi ya kushikilia kabla haijakaa mkononi mwako. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi uiweke nyuma ya lenzi, kwa pembe kidogo si moja kwa moja kwa jicho lako, halafu uangalie kutoka mbele ukiizungusha taratibu. Vumbi mbili tatu ndani usijali, haliko kwa picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia pembeni zikitambaa kuelekea katikati, hiyo ni kuvu, na lenzi iliyokaa pwani ama kabatini bila hewa inaipata sana. Ukiiona rudisha kwa heshima uende zako, hata akipunguza nusu ya bei. Ukiona ukungu kama pumzi kwa kioo na haupanguki, hiyo pia iache. Mkwaruzo wa kioo cha mbele hauniumizi sana, wa kioo cha nyuma unaniumiza, kwa sababu uko karibu na sensa na unaonekana.

Halafu weka kwa kamera. Shika kitu kilicho karibu, shika cha mbali, karibu, mbali, mara kumi, usikie kama inasita. Piga gazeti ama ukuta wenye maandishi kwa f/1.8, ukuze picha kwa skrini mpaka mwisho, uangalie katikati halafu kona zote nne. Kona zote zikiwa laini kidogo kwa f/1.8 ni kawaida. Kona moja ikiwa ukungu na zingine tatu ziko sawa, huenda hiyo lenzi iliwahi kuanguka. Funga apacha f/8 upige tena, kila kitu kinatakiwa kukaza. Muuzaji mzuri hatakuharakisha, huyo aliyeniuzia 50mm yangu aliagiza chai akangoja dakika ishirini nzima.

Mwezi wa nane dada ya huyo kasini alikuwa na sherehe yake, tenti tena, mvua tena. Nilisimama hatua nne kutoka kwa shosho, f/2, shata 1/160. Mikunjo ya jicho lake inahesabika, na kwa meno yake kuna punje ndogo ya njahi. Mama aliipeleka ikachapishwa kubwa na iko sebuleni juu ya redio.

Jumamosi naenda Kinoo kukutana na mtu wa 24mm. Anasema haina kuvu. Nimeweka tochi chaji.